Shemeji anataka binti yangu ahamie shule iliyoongoza wilaya, mi roho inasita

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi mkoa wa Tanga, wilaya naomba uifiche maana huku tunajuana. Binti yangu wa kwanza kamaliza mtihani wa kidato cha pili mwezi uliopita, Januari Mungu akipenda anaingia cha tatu. Anasoma shule ya kata hapahapa kwetu, dakika ishirini kwa mguu. Si kipanga wa kutisha ila anajitahidi, baiolojia na kemia anazipenda sana, ndoto yake ni unesi. Hesabu ndo mtihani, hapo nisikudanganye.

Sasa kuna orodha imezunguka kwenye grupu la wasap la ukoo, mtu kazipanga sekondari zote za serikali za wilaya yetu kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho kwa matokeo ya kidato cha nne ya 2023. Shule ya mwanangu iko ya tatu kutoka mwisho. Ya kwanza ni shule moja nayo ya serikali, nayo ya kata kama yetu tu, iko upande wa pili wa wilaya kama kilomita 22 hivi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alivyoiona ile orodha akaja juu, anasema mtoto anapotea pale, ahamishwe Januari hiihii kabla hajachagua masomo. Yeye ndo anayetusaidia sare na madaftari, mume wangu ni utingo wa malori yupo njiani muda mwingi, kwa hiyo neno la shemeji humu ndani lina uzito na sitaki nionekane sina shukrani.

Tatizo ni kwamba ile shule haina hosteli. Nimeulizia, wanafunzi wanaotoka mbali wanapanga vyumba mtaani, wasichana watatu wanne chumba kimoja, elfu ishirini na tano kwa mwezi wanachangia, wanapika wenyewe, hakuna mtu mzima. Binti ana miaka kumi na sita Mwalimu. Nikilifikiria hilo geto usingizi unakata. Lakini pia nikiiangalia ile orodha naogopa nisije nikawa mama niliyemfungia mwanangu mlango kwa ajili ya woga wangu. Na mwenyewe hana msimamo, leo anataka kwenda sababu rafiki yake anaenda, kesho analia hataki kuniacha.

Kingine kinachonichanganya, kwenye orodha shule yetu imeandikwa GPA 4.1 na ile ya kwanza 3.4. Sasa mbona yenye GPA kubwa ndo ya chini? Nikamuuliza shemeji akasema we acha tu hayo mambo ya kitaalamu.

Majina ya shule zote mbili nimekuandikia pembeni, tafadhali usiyatoe. Nisaidie kabla shule hazijafunguliwa.

Mama mwenye mawazo, Tanga

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa kukosa usingizi. Majina nimeyafuta ila nimeyatumia, nimeingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani nikakaa na matokeo ya shule zote mbili jioni nzima, na kuna vitu nimeviona ambavyo kwenye hiyo orodha ya wasap havipo. Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi kabla sijastaafu, hizi karatasi nimezisoma mpaka macho yakaingia miwani, kwa hiyo nivumilie nikikuchosha na namba.

Kwanza hiyo GPA ikutoke kichwani. Kidato cha nne alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, kwa hiyo GPA ya shule, yaani wastani wa pointi hizo, ikiwa ndogo ndo nzuri, ni kinyume na ya chuo kikuu ambako watu wanaitafuta kubwa. Hapo shemeji yuko sahihi, ile ya 3.4 imeizidi yenu. Divisheni nazo ni hivohivo, wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha, kuanzia 7 mpaka 17 ni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, na 34 na 35 ni ziro.

Pili, hiyo orodha si ya Baraza. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, pale Januari 2023. Na hata enzi linatangaza lilikuwa linatenganisha shule zenye watahiniwa 40 na kuendelea na zile zenye chini ya hapo, maana shule ya watoto 25 na shule ya watoto 200 huwezi kuzipanga foleni moja ukasema umetenda haki. Siku hizi anayepanga ni mtu yeyote mwenye simu na muda, anachukua GPA anashusha majina, basi. Simlaumu, namba zake ni za kweli. Ila orodha ya namna hiyo inajibu swali moja tu, kwamba waliokaa kwenye chumba cha mtihani Novemba 2023 walipata nini kwa wastani. Wewe swali lako ni lingine, wewe unataka kujua msichana anayependa kemia akiingia pale kidato cha tatu atatoka na nini.

Haya tuangalie. Shule yenu, waliofanya mtihani 2023 ni 142. Wani 3, tuu 11, thrii 19, foo 71, ziro 38. Ile ya kwanza waliofanya ni 61, wani 9, tuu 14, thrii 13, foo 22, ziro 3. Ukihesabu kuanzia wani mpaka thrii, kwenu ni 33 kati ya 142, asilimia 23. Kule ni 36 kati ya 61, asilimia 59. Shemeji kaona hiki na yeyote angeona hiki angetaka kumhamisha mtoto kesho asubuhi, mi mwenyewe nilivyofungua mara ya kwanza nikasema mbona huyu mama anasita.

Lakini waalimu tuna tabia ya kuuliza darasa lilianza na wangapi. Hawa wa 2023 walifanya upimaji wa kidato cha pili 2021, na matokeo ya upimaji nayo yapo kwenye tovuti ileile, unafungua mwaka, unatafuta shule. Kwenu kidato cha pili walikuwa 159, wakafika cha nne 142. Wamepungua 17, kawaida ya shule ya kata, kuna walioshindwa wakarudia, kuna waliohama, kuna watoro. Kule kidato cha pili walikuwa 118, wakafika cha nne 61. Mama, watoto 57 wako wapi? Karibu nusu ya darasa!

Sisemi kuna mtu kafanya ubaya, maana sijui mazingira ya pale na kurudia darasa nako kunapunguza watu. Ila nakwambia nilichokiona kwenye kazi hii kwa ujumla. Mkuu wa shule anabanwa kila kikao cha wilaya kuhusu ziro, ziro ngapi, mkakati wako wa kufuta ziro ni upi, na kuna njia mbili za kupunguza ziro. Moja ni kufundisha. Nyingine ni kuhakikisha yule wa ziro hafiki Novemba akiwa na namba ya shule yako, anaambiwa arudie, anaambiwa atafute shule nyingine, anaambiwa akajisajili mtahiniwa wa kujitegemea, au hakuna anayemfuatilia akianza kutoroka. Njia zote mbili kwenye orodha ya wasap zinaonekana sawasawa kabisa.

Sasa rudia hesabu kwa kuanzia kidato cha pili. Kwenu 33 kati ya 159, asilimia 21. Kule 36 kati ya 118, kama asilimia 31. Bado wako mbele, na tuwape haki yao, wamewazidi. Ila lile pengo la 23 kwa 59 lishayeyuka kiasi.

Na hapa ndo nataka ukae chini. Juu kabisa ya ukurasa wa matokeo ya kila shule kuna kijedwali cha divisheni chenye mistari mitatu, F ya wasichana, M ya wavulana na T ya jumla. Watu wote wanasoma T. Wewe una binti, soma F.

Kule kwenye shule ya kwanza, wasichana waliofanya mtihani 2023 ni 19 tu. Kati ya wale 61, wavulana 42 wasichana 19! Na hao 19 aliyepata wani ni mmoja, tuu wawili, thrii wanne, foo kumi na moja, ziro mmoja. Zile wani nyingine nane zote ni za wavulana. Halafu nikarudi kidato cha pili 2021, wasichana walikuwa 55. Walianza 55 wakamaliza 19, na waliopata wani mpaka thrii ni 7. Saba kati ya 55 ni asilimia 13. Kwenu wasichana walikuwa 86 kidato cha pili, wakafanya mtihani wa mwisho 78, waliopata wani mpaka thrii ni 18, ambayo ni asilimia 21 ya walioanza. Kwa hiyo ile shule iliyo karibu na mkia, kwa msichana wa kidato cha pili, imetoa zaidi ya ile inayoongoza wilaya. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea mstari.

Kwa nini wasichana wanapukutika kule siwezi kukuapia. Lakini we mwenyewe umeshanieleza kwenye barua, shule haina hosteli, wanaotoka mbali wanapanga. Wavulana wakipanga wanalala njaa, wanachelewa namba, wanavumilia. Msichana akipanga kuna bodaboda wa kumpeleka bure, kuna fundi jirani wa kumwekea vocha, kuna siku unga umeisha na nyumbani ni kilomita 22. Tangu mwisho wa 2021 serikali imeruhusu aliyepata mimba kurudi shuleni akishajifungua, ni jambo jema, ila wewe na mimi tunajua wangapi wanarudi kweli. Huo usiku unaokosa usingizi si woga tu mama, hata kwenye mstari wa F umeandikwa.

Twende kwenye unesi. Ili aje kusoma diploma ya uuguzi anahitaji ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne, na akitaka kupitia kidato cha tano PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) ndo anahitaji alama za juu zaidi. Baiolojia na hesabu kila mtoto anafanya, fizikia na kemia ndo wanachagua wakiingia cha tatu, yaani Januari hii. Chini ya ukurasa kuna jedwali la masomo, linaonyesha waliofanya na waliofaulu kila somo. Kemia kwenu walifanya 31 wakafaulu 22. Kule walifanya 12 wakafaulu 10. Kwa asilimia kule wamewazidi, ila wale 12 nimewafuatilia kwenye orodha ya watahiniwa, majina siku hizi hayapo lakini namba, jinsi na alama za kila somo zipo, na msichana aliyefanya kemia pale ni mmoja. Mmoja. Zile wani zao tisa nyingi zimebebwa na historia, jiografia na kiswahili, shule ile ina nguvu ya sanaa, na hakuna ubaya wowote, kama mwanao angekuwa anataka HGL (historia, jiografia, kiingereza) ningeongea lugha nyingine hapa. Kwenu kwenye wale 31 wasichana ni 16. Binti akibaki atakuwa na wenzake wa kukaa nao benchi wakikokotoa moli, na hilo kwa umri wake ni kubwa kuliko sisi wazazi tunavyodhani.

Hesabu msijidanganye. Kwenu wamefaulu 17 kati ya 142, kule 14 kati ya 61. Kule ni afadhali, lakini afadhali gani hiyo, zaidi ya robo tatu wamefeli, na nchi nzima ndo ilivyo, 2022 waliofaulu hesabu walikuwa kama asilimia 20 tu. Kuhama hakumtibu hesabu. Ile hela ya chumba, pamoja na unga, mkaa na nauli ya kurudi nyumbani wikendi, ukimpa mwalimu mzuri wa twisheni Jumamosi mbili tatu kwa mwezi unapata zaidi, tena ukiunganisha watoto wanne watano wa jirani inakuwa nafuu kwa kila mmoja. Hapo ndo msaada wa shemeji uelekezwe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni abaki. Lakini si abaki tu halafu ukae, kwenu hakuko salama kiasi hicho, ziro 38 si mchezo na mimi ningekuwa mzazi pale ningekuwa kero kwenye kila kikao. Kuna jambo moja likikuta ni tofauti na ninavyodhani, nabadili ushauri. Shule ikifunguliwa nenda kwa mkuu wa shule, au hata kwa mwalimu wa taaluma, uliza kemia na fizikia kidato cha tatu anafundisha nani. Uliza jina. Uliza ni mwajiriwa au anajitolea kwa posho ya michango ya wazazi, maana wa kujitolea akipata ajira kesho anaondoka, na matokeo yote niliyokusomea hapa ni ya walimu waliokuwepo 2023, akiwa aliyewafundisha wale 31 kashahama basi zile 22 hazikuhusu tena. Ukiambiwa mwalimu wa kemia hayupo na hawajui lini anakuja, usikae. Muulize pia kambi ya kidato cha nne wanaifanyaje na kama wasichana wana bweni hata la muda.

Na ukipata jibu hilo baya bado si lazima iwe ile ya kilomita 22. Fungua tovuti, chukua shule za serikali tatu nne ambazo binti anaweza kwenda na kurudi kwa daladala au zenye hosteli yenye matroni, soma mstari wa F miaka mitatu mfululizo, sio mmoja. Shule yenu kwa mfano miaka mitatu ya mwisho wani zilikuwa 0, kisha 1, kisha 3. Ile ya kwanza 12, kisha 10, kisha 9. Bado iko juu lakini inashuka, nyie mnapanda, pengine pameingia mkuu mpya au walimu wapya. Matokeo ya 2024 nayo yaangalie kabla hujaamua lolote. Usiingize kwenye hesabu shule kama Kibaha, Ilboru au Kilakala kama shemeji atazitaja, zile zinachukua watoto walioongoza la saba nchi nzima, ukiwakusanya hao hata chini ya mwembe watafaulu.

Shemeji usimwambie amekosea, maana kwa alichokiona hajakosea, na anampenda mtoto. Msubiri akija nyumbani, si kwenye grupu mbele ya ukoo mzima, mpe simu mfungue ukurasa pamoja. Mwambie "shemeji nisaidie kusoma hapa kwenye F". Akimaliza kuhesabu mwenyewe hutahitaji kubishana. Na mume wako mpigie kabla ya hapo, baba wa mtoto asije akasikia uamuzi kwa mdogo wake.

Ikitokea lazima ahame, fanya Januari, sio katikati ya mwaka na sio akiwa kidato cha nne ambako usajili wa mtihani unamfunga na shule. Unaanza kwa mkuu wa shule anayetoka, halafu lazima mkuu wa shule anayokwenda akubali kuwa nafasi ipo, kisha kwa afisa elimu sekondari pale halmashauri. Kwa kuwa ni wilaya hiyohiyo hamhitaji kwenda mkoani. Msimtoe nyumbani kabla uhamisho haujakamilika kwenye mfumo, nimeona watoto wamekaa shule mpya miezi huku alama zao za maendeleo zikidaiwa shule ya zamani.